Kikohozi cha Ng'ambo

Kuishi nchi moja na kufanya kazi nchi nyingine si ajabu kwa mtu aliyezaliwa karibu na mpaka. Ajabu ni kuugua. Maadamu una afya, nchi zote mbili zinakupenda: huku unalipa kodi ya nyumba, kule unakatwa kodi ya mshahara, na askari wa pande zote wanakujua kwa sura. Ngoja upate homa uone. Huku wataambiana kadi yako ni ya ng'ambo, kule wataambiana makazi yako ni ya ng'ambo, na wewe na homa yako mtabaki katikati kama mchumba aliyekataliwa kwao na ukweni.

Fundi alilijua hilo vizuri. Hivyo ndivyo walivyomwita kazini, Fundi, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mshonaji wa makochi. Karakana yao ilikuwa hatua chache tu baada ya kizuizi cha pili cha mpaka. Kila asubuhi alipita kizuizi cha kwanza, akatembea kwenye ule ukanda wa lami usio wa nchi yoyote, akapita kizuizi cha pili, akawa kazini. Jioni alirudi njia ileile.

Nyumbani aliishi na mama yake na mjomba wake. Mjomba alikuwa na jino bovu na uvivu, na kati ya hayo mawili jino ndilo lililokuwa na tiba. Mama alikuwa na kifua. Miaka nenda miaka rudi alikuwa amewapigia watu nguo pasi ya mkaa ndani ya chumba chenye dirisha moja, na kwa moshi ule akamlea binti yake na kumsomesha. Sasa moshi ulikuwa umerudi kwa mwenyewe. Alikohoa kikohozi kirefu chenye mluzi mwishoni, akashika ukuta, akasema, "Ee Mola wangu," kisha akaendelea na alichokuwa anafanya. Daktari wa zahanati ya mtaani alikuwa ameacha kumwandikia dawa na kuanza kumwambia maneno ya faraja.

Kwa hiyo bosi aliposema kwamba sheria mpya inataka kila mfanyakazi awe na bima ya afya kabla ya mwezi kuisha, asiye nayo asikanyage karakana, Fundi hakujifikiria yeye. Alifikiria atapata wapi bima itakayomgusa mama.

Alizunguka. Bima ya nyumbani ingemkubali mama, lakini bosi asingeikubali. Bima ya kazini bosi angeikubali, lakini haikutaka kusikia habari za wazazi, tena wazazi wanaoishi ng'ambo, tena wenye ugonjwa wa zamani. Ilikuwepo bima ya pande zote mbili. Aliposikia bei yake alicheka, na dada wa mapokezi naye akacheka, maana wote wawili walikuwa watu wa mshahara.

"Mshika mbili moja humponyoka," Mama Pacha, mwenzake wa meza moja ya kushonea, alimwambia. Mama Pacha alikuwa mwema, ila mdomo wake haukuwa na breki. "Chukua ya huku, mama muachie Mungu. Au kamwone yule wakala wa pale katikati. Wanasema ana za bei ya chini."

"Katikati wapi?"

"Baina ya vizuizi. Pana mlango wenye pazia la kijani."

Fundi alikuwa anapita pale kila siku ya kazi, na angeapa hapakuwa na mlango. Jioni ile aliuona.

Ndani palikuwa na meza, viti viwili na mwanamume nadhifu wa umri usiokadirika, aliyekuwa amekaa mikono juu ya meza kama mtu aliyeambiwa mgeni yuko njiani. Hakuwa na kalamu wala karatasi. Alisimama, akampa kiti.

"Karibu. Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na mjomba?"

"Hajambo, tunashukuru." Alipokwisha kusema ndipo alipojiuliza huyu mtu amejuaje kama ana mjomba.

"Wote wazima kabisa?"

"Wazima kabisa."

Sasa wewe niambie, nani hujibu ukweli akiulizwa habari za nyumbani? Hata aliyefiwa huanza na "nzuri", kisha huja "ila", na hiyo ila ndiyo yenye habari. Ndivyo tulivyolelewa: humtupii mgeni maradhi yako usoni hata hajakaa. Fundi alikuwa na ila yake tayari mdomoni, ila kubwa, yenye kifua na mluzi. Wakala hakuiachia nafasi. Alipiga meza kidogo kwa kiganja.

"Nimepokea," alisema. "Bima yetu inasimama juu ya neno la mteja. Umesema nyumbani wote wazima, basi nyumbani wote watakuwa wazima. Maradhi yatatibiwa huku, kwako wewe, kliniki iliyo nyuma ya karakana yenu. Bei ni hii."

Bei ilikuwa ndogo mno. Fundi alitaka kusema, "Lakini mama," akakumbuka bima zote zilizomkataa kwa ajili ya neno hilo, akanyamaza. Alijiambia kwamba atapata kadi kwanza ya kumridhisha bosi, mengine baadaye. Maneno mengine ya wakala aliyachukulia kuwa maneno ya biashara, na wauza bima hawana uhaba wa maneno.

Alifika nyumbani akamkuta mama ameanika mashuka. Mashuka manne mazito, ameyafua, ameyakamua, ameyapandisha kambani, na alikuwa anaimba. Mjomba alikuwa kizingitini anatafuna karanga kwa upande wa jino bovu.

"Mama! Nani kakwambia ufue?"

"Nimeamka tu kutoka usingizi wa mchana nikajiona mwepesi," alisema mama. Alivuta pumzi ndefu kumwonyesha, akaishusha taratibu bila hata kukwaruza. "Sikiliza. Umesikia kitu?"

Fundi hakusikia kitu. Aliingia ndani akalia kwa furaha, akanawa uso, akatoka kumsaidia kubana vibanio.

Asubuhi iliyofuata alipita kizuizi cha kwanza anapiga mluzi. Alipopita cha pili, kifua kikafunga. Hakikubana kidogokidogo kama mafua yanavyoanza. Kilifunga kama mlango. Alisimama, akatafuta hewa, akapata robo yake. Papo hapo upande wa kushoto wa taya ukaanza kupwita. Alikohoa, kikohozi kirefu, na mwisho wake ukatoka mluzi. Mkono wake ukanyooka wenyewe kutafuta ukuta. "Ee Mola wangu," alisema, na hakuwahi kusema hivyo maishani mwake.

Alidhani ni gundi ya sponji. Kwenye karakana kila maradhi husingiziwa gundi. Alishona siku nzima akiwa nusu mtu, na jioni, alipopita kizuizi kurudi, kifua kikafunguka na jino likanyamaza. Alipofika nyumbani alikuwa mzima kama mbuzi. Mama alikuwa amehamisha kabati peke yake.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Kliniki walimpokea vizuri, kadi yake haikusumbua. Daktari wa meno alimwambia afungue mdomo, akamwambia aonyeshe panapouma, akagonga, akachungulia, kisha akaweka chombo chini.

"Dada, hapa hapana jino. Liling'olewa zamani."

"Najua," alisema Fundi. "Nilikuwa mtoto. Lakini ndilo linaloniuma."

Yule wa kifua alisikiliza mgongo wake kwa muda mrefu, akamgeuza, akasikiliza tena. Alimuuliza ameishi na moshi muda gani. Fundi akasema hajawahi, kwao aliyeishi na moshi ni mama. Daktari akamtazama.

"Kifua hiki ni cha mtu mzima sana," alisema. "Kimechoka. Sijui kimekufikiaje wewe."

Alitoka pale anajua. Naamini alijua tangu siku ya mashuka, ila kuna mambo mtu huyajua kwa mgongo muda mrefu kabla hajayageukia. Mama Pacha alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake. "Wewe ukiingia asubuhi unatembea kama bibi kizee," alisema. "Tena si bibi yeyote. Kama unamuiga mtu."

Alirudi kwa wakala. Wakala alimpa kiti kilekile.

"Inavunjwaje?" Fundi aliuliza. Safari hii hakusalimia.

"Haivunjwi. Usipovuka, inalala yenyewe. Siku utakayobaki nyumbani kila mtu atarudishiwa chake. Ukivuka, unakibeba wewe. Hata mwenyewe akitaka kuja kuchukua chake huku, hatumzuii, mlango uko wazi. Lakini mama yako hajavuka mpaka miaka mingi, sivyo?"

"Nitakufa mimi?"

"Hilo mwulize daktari," alisema wakala kwa upole. "Mimi ni mtu wa bima."

Alijaribu. Siku moja hakwenda kazini, alimdanganya bosi kwamba ana msiba. Asubuhi mama alikuwa mchangamfu, anamtania mjomba kuhusu ndevu zake. Jua lilipokuwa utosini Fundi alimkuta amekaa kizingitini, mkono kifuani, midomo imegeuka rangi, anatafuta hewa na haipati. Macho yake yalikuwa yanamtazama binti yake kwa aibu, kama mtu aliyekojoa mbele za watu. Fundi hakusubiri hata kuvaa viatu vya kazi. Alikimbia kwa kandambili hadi mpakani, akapita kizuizi cha kwanza, akapita cha pili, na kifua kilipomfunga alikaa chini kando ya barabara akatabasamu, kwa sababu alijua kwamba wakati uleule mama amepata pumzi.

Tangu hapo hakukosa. Ugonjwa aliupeleka ng'ambo kila siku kama mtu anayempeleka mtoto shule. Hata siku ya mapumziko alivuka, akakaa kwenye kivuli cha karakana iliyofungwa, akakohoa hadi jioni. Mama aliulizia. "Kazi nyingi," alijibu. Mama alikuwa amenenepa kidogo, uso umejaa, na majirani walikuwa wanamuuliza dawa gani anatumia. Alisema ni maji ya uvuguvugu na kumshukuru Mungu.

Na kuna jambo Fundi alilijua ng'ambo ambalo asingelijua kwa njia nyingine yoyote. Alijua kutoka ndani ilivyo kupanda ngazi na kifua kile. Alijua inavyokuwa kucheka na kujutia kicheko. Alikumbuka asubuhi zote alizoagwa akienda shuleni na mtu mwenye kifua hiki, mtu aliyeinuka kabla ya wote kuwasha mkaa, akamwambia, "Nenda mwanangu, mimi sijambo." Alimpenda mama yake kuliko alivyopata kumpenda, na alimwogopea, na alikuwa anakufa.

Daktari alimwambia waziwazi: kifua hakitafika mwisho wa msimu. Akamshauri alazwe. Fundi akasema hawezi kulala ng'ambo, jioni lazima arudi. Hakueleza kwamba jioni ndiyo zawadi pekee aliyobakiwa nayo, kukaa na mama mlangoni, wote wawili wanapumua.

Alianguka siku ya mvua, akiwa anavuta kitambaa juu ya mgongo wa kochi la mteja. Bastola ya kupigia kitambaa pini ilimtoka mkononi. Walimlaza juu ya kochi lilelile, na bosi, kusema haki, alinung'unika mara moja tu kuhusu kitambaa kipya, kisha akakimbilia kliniki kuita mtu. Mama Pacha alichukua simu ya Fundi mfukoni, akatafuta namba, akapiga, akafungua spika ili mikono yake ibaki huru kumpepea.

"Mama, shikamoo. Mimi ni mwenzake binti yako kazini. Usishtuke mama, hajambo, ila..." Na ila yake ikatoka yote, kwa kuwa mdomo ule haukuwa na breki: kifua, miezi yote hii, kliniki, jino lisilokuwepo, anavyoshika kuta.

Fundi alitaka kumwambia nyamaza. Alifungua mdomo, kikohozi kikamtangulia. Kilikuja kirefu, kikamkunja, na mwisho wake ukatoka mluzi, halafu, kabla hajajizuia, "Ee Mola wangu."

 Mvua ilisikika ikipiga bati huku na, kwenye spika, ikipiga bati kule.

"Rudia," ilisema sauti ya mama.

"Kurudia nini, mama?" aliuliza Mama Pacha.

"Msogezee simu. Akohoe tena."

Fundi aliuma meno. Alishika pumzi ndogo aliyokuwa nayo, akaishika hadi machozi yakamtoka, na kikohozi kikapita katikati ya meno hivyohivyo.

"Hicho changu," alisema mama. Hakuisema kwa mshangao. Aliisema kama mtu aliyeona kanga yake imeanikwa kwenye kamba ya jirani. Simu ikakatika.

"Amesema nini huyu mzee?" Mama Pacha aliuliza, lakini Fundi alikuwa anapapasa mkono wake, anajaribu kumwambia mzuie, nenda kizuizini, mwambie askari asimruhusu. Maneno hayakuwa na hewa ya kupanda. Mama Pacha alidhani anataka maji, akamletea.

Kutoka nyumbani hadi mpakani si mbali, na mama alikuwa na miguu ya mtu mzima wa afya. Fundi alilala akitazama dari, anahesabu njia kwa akili yake: sasa dukani, sasa kwenye mtaro, sasa kwenye foleni. Aliomba foleni iwe ndefu. Aliomba askari wawe wakorofi, siku moja tu maishani mwao wafanye kazi yao vizuri.

Kisha hewa ikaingia.

Iliingia yote kwa mpigo, baridi, yenye harufu ya mvua na ngozi na chaki, ikajaza pembe za kifua alizokuwa amekwisha kuzisahau. Jino lilikuwa bado linapwita. La mjomba hakuna aliyelifuata. Lakini kifua kilikuwa chake. Alikaa, akavuta tena, akavuta tena, na kabla ya kila kitu kingine, kabla ya hofu, kabla ya jina la mama, alifurahi. Alifurahi mwili mzima. Furaha hiyo hakuja kuisamehe.

Halafu akaruka akatoka mbio mvuani.

Mama alikuwa amepita kizuizi cha pili kwa hatua mbili tu. Alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea, iliyopigwa pasi vizuri, sasa imelowa. Wakala alikuwa ametoka kwenye mlango wake wa pazia la kijani, amemweleza masharti na kumwekea kiti, na alikuwa amesimama nyuma yake na mwavuli, kwa adabu, kama mwenye nyumba anayempokea mgeni aliyemtarajia.

"Mama, rudi!" Fundi alipiga magoti. "Hatua mbili nyuma tu, utapata pumzi. Rudi!"

Mama alitikisa kichwa. Alikuwa na hewa ya maneno machache na alikuwa anayachagua. "Nikirudi, unakipata wewe."

"Tutarudi wote. Jioni hii tutakuwa wazima, mimi na wewe."

"Na kesho?"

"Kesho nitabaki nyumbani."

"Mwongo. Utavuka." Alipumzika. "Nimekuzaa mimi. Nakujua."

Fundi hakubishana tena. Alimwinua. Alikuwa mwepesi, na yeye mwenyewe sasa alikuwa na nguvu za mtu anayevuta ngozi ya kochi siku nzima. Angeweza kumbeba hadi mlangoni kwao bila kupumzika. Alipiga hatua moja. Mama akanyoosha mkono akashika nguzo ya kizuizi.

"Achia, mama."

Hakuachia. Askari walikuwa wanatazama pembeni. Wakala alisogeza mwavuli ili uwakinge wote wawili. Fundi alitazama ule mkono, vidole vyembamba vilivyoungua pasi, vimeizunguka nguzo. Vilikuwa vidole vya mgonjwa. Kuvibandua kungekuwa rahisi kama kufungua mkono wa mtoto aliyelala.

Alisimama. Hewa ilikuwa inaingia na kutoka, tele, tamu, bila mluzi. Alijiambia anasubiri mama achoke mwenyewe. Alijiambia anatafuta namna ya kumshika asimwumize. Alijiambia mengi pale mvuani, na miguu yake ilibaki ilipokuwa, na moyoni akajua kwamba hatakigusa kidole hata kimoja.

Mama naye alijua. Aliegemeza kichwa begani kwa binti yake, na kwa mkono wake wa pili akaanza kumpigapiga mgongo, taratibu, kama anambembeleza alale.

"Pumua," alisema. "Pumua, mwanangu. Hakuna ubaya."